Theluji ya Pamba Sebuleni

Kila ifikapo Desemba mtaani kwetu, sebule hugeuzwa Ulaya. Mti wa saipresi huletwa, ukatundikwa karatasi za kumetameta, kisha ukamwagiwa pamba ya dukani ati ni theluji. Theluji! Na huko nje jua linawaka hadi mabati yanalia ta! ta! Kenya hii theluji iko kileleni mwa Mlima Kenya, na sijasikia mtu akiandaa karamu huko.

Sisemi kupamba nyumba ni vibaya. La, hasha! Lakini hebu tujiulize tunamwiga nani. Waingereza wenyewe mti huu waliupata kwa Wajerumani. Ulienea sana kwao baada ya gazeti moja la London kuchapisha, mwaka wa 1848, picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, mzaliwa wa Ujerumani, wakiwa na watoto wao kando ya mti uliopambwa. Tena wao huingiza matawi mabichi ndani kwa sababu Desemba yao ni ya baridi kali na miti mingi nje imepukutika. Walitumia kilichokuwa karibu. Sisi bogenvilia imejaa uani, twaipita tukienda kununua maua ya plastiki.

Halafu kuna lile shada la majani la kutundikwa mlangoni. Jirani mmoja alilitundika mwaka jana, mzee akapita, akavua kofia na kuuliza nani ameaga dunia. Si kwetu shada ni la kaburini?

Linaloniuma hasa ni watu. Nyanya yangu alifika kutoka kijijini tarehe 24 na kuku wawili na mkungu wa ndizi. Sebule ilikuwa tayari: vitambaa vyeupe kwenye makochi, glasi za miguu mirefu, vitambaa vya mkono vimekunjwa mfano wa kipepeo. Shangazi akamwambia kwa adabu, "Mama, keti kwanza huku jikoni, wageni wako karibu kufika." Kwani nyanya si mgeni? Alikula chapati yake nasi watoto, na kicheko chote kilikuwa huko jikoni. Wale wa sebuleni walikaa wima kama wanaopigwa picha ya kitambulisho, wakiogopa kumwaga soda.

Na gharama je? Januari ikiingia, sisi wa shule za kutwa twadaiwa pesa za chakula cha mchana. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani hawezi kumpelekea karani wa karo taa za kumetameta.

Basi mwaka huu nimemwomba mama tutandike leso mezani, tukate bogenvilia tuitie kwenye mtungi, na lile kochi kubwa lililo karibu na dirisha liwe la nyanya tangu anapofika hadi anapoondoka. Habari ya leso amesema atafikiria. La kochi amekubali.