Tukumbuke, Lakini kwa Ulimi Gani?

Wahenga walinena kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii imegeuzwa kuwa kibwagizo cha wanasiasa wetu. Kila ghasia zinapozuka na kupoa, wao husimama jukwaani na kutuhimiza tusahau. Msimu wa kura unapowadia, ni haohao wanaotukumbusha ni nani aliyetudhulumu, wapi na lini. Jamii inayoamriwa kusahau mchana na kukumbushwa usiku haiwezi kupona. Kwa maoni yangu, tatizo letu si kukumbuka kupita kiasi, wala si kusahau. Tatizo ni maneno tunayokumbukia.

Aghalabu watu hudhani kwamba kumbukumbu ni ghala: ulichokiweka jana utakikuta kesho kama kilivyokuwa. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett aliipinga dhana hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1932. Aliwasomesha Waingereza ngano ya wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya baada ya muda. Yale yaliyokuwa mageni kwao waliyaacha, au waliyageuza yakalingana na desturi zao. Kukumbuka, basi, ni kujenga upya, na mjenzi hutumia matofali aliyo nayo.

Mwaka wa 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya matofali hayo ni maneno. Waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kupondana walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana walikadiria chini ya maili 32. Katika jaribio la pili, wanafunzi 150 waliulizwa wiki moja baadaye iwapo waliona vioo vilivyovunjika. Miongoni mwa 50 waliosikia neno la kupondana, 16 walisema waliviona. Miongoni mwa 50 waliosikia neno la kugongana, ni 7 tu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kitenzi kimoja kilitosha kuvunja vioo akilini mwa watu.

Mimi ni mwanaisimu, na matokeo hayo hunifanya niitazame lugha yetu kwa jicho la wasiwasi. Chukua nyumba zilizoteketea mwanzoni mwa mwaka wa 2008. Mmoja husema, "Nyumba ziliungua." Hapo mtenda hayupo kabisa, ni kana kwamba moto ulijiwasha. Mwingine husema, "Nyumba zilichomwa." Mtenda yupo, ila amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Wa tatu husema, "Walituchomea nyumba." Huyu amemtaja mtenda kwa kiambishi wa-, na mtendewa kwa kiambishi tu-. Wa- ni akina nani? Ni vijana kadhaa waliobeba petroli, au ni kabila zima? Na tu- ni nani? Kijana aliyezaliwa miaka miwili baada ya moto ule husema "walituchomea" bila kusita. Kwa silabi moja amerithi jeraha, na kwa silabi nyingine amerithi adui.

Tume ya Jaji Philip Waki iliripoti kwamba watu 1,133 waliuawa katika ghasia hizo. Kila mmoja alikuwa na jina, na kila muuaji vilevile. Upande mmoja ukishikilia "ziliungua" na mwingine ukishikilia "walituchomea", majina yote hupotea. Hubaki kambi mbili zinazotazamana.

Wako wanaoamini kwamba kuitoa hasira huipunguza. Mwanasaikolojia Brad Bushman aliipima imani hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002. Watu walioudhiwa, kisha wakapiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi, walizidi kukasirika na kuwa wakali kuliko waliokaa kimya tu. Kulichochea kosa moyoni ni kupuliza makaa. Je, mikutano ya hadhara inayotukariria dhuluma za jana hufanya nini kingine?

Hatari huzidi mtu anapoitwa kitu. Mwaka wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyaorodhesha "madoadoa" na "kwekwe" miongoni mwa maneno ya uchochezi. Mwalimu wa sarufi ataelewa sababu. Nomino hizi huja na vitenzi vyake: doa hufutwa, kwekwe hung'olewa. Msemaji hahitaji kutoa amri. Msikilizaji ataikamilisha sentensi mwenyewe.

Sisemi tusahau. Aliyefiwa ana haki ya kukumbuka, na taifa lina wajibu wa kumsikiliza. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi. Hiyo ndiyo kumbukumbu yenye mtenda, mtendewa, mahali na tarehe. Ndwele iliyotajwa kwa jina lake hugangika, iliyofunikwa huoza.

Kazi hii yaweza kuanzia darasani. Wanafunzi wanapopigana, mwalimu asiulize, "Nani alimshambulia mwenzake?" kwani swali hilo tayari limebeba shambulio. Aulize, "Kulitokea nini?" Kila shahidi aandike aliyoyaona kabla hajazungumza na wenzake. Anayeandika "walinipiga" aulizwe: ni nani, wangapi, na ulijuaje? Nanyi wanafunzi, mnapopokea masimulizi ya wazee, yapokeeni kwa heshima, lakini kichunguzeni kila kiambishi. Aliyeyashuhudia mambo ana ushahidi. Aliyeyasikia ana habari tu.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole huumiza mwenyewe. Ulimi uliojikwaa juu ya yaliyopita waweza kuwaumiza hata wale ambao hawakuwa wamezaliwa.