Tanuri Lenye Lifti

Ukitaka kujua kama jengo limechorwa vibaya, usilitazame asubuhi likimetameta. Nenda saa tisa alasiri, panda hadi ofisi za upande wa magharibi. Dar es Salaam tumejaza majengo ya vioo toka chini hadi juu, na ndani yake makarani wamebandika maboksi na magazeti ya zamani kwenye vioo hivyo hivyo. Mapazia yamefungwa, taa zinawaka mchana kweupe, kiyoyozi kinaunguruma. Mwenye jengo kalipia dirisha la ukubwa wa ukuta, akalipia pazia la kuliziba, na kila mwezi analipia umeme wa kufukuza joto aliloliingiza mwenyewe. Eti ndio usasa!

“Lakini linapendeza.” Linampendeza nani? Anayepita barabarani ndani ya gari.

Wazee wa Lamu na Unguja hawakuwa na kiyoyozi. Walisimamisha kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, jua likahangaika huko nje. Vyumba vikawa vyembamba na virefu, maana boriti ya mkoko haivuki sana mita 3. Upungufu huo hawakuuonea haya. Waliupangia nyumba nzima, chumba nyuma ya chumba, na ua wa kuleta hewa na mwanga. Ukutani wakatia zidaka, mahali pa kuweka vyombo na hapo hapo pambo la chumba. Halafu tazama ule mlango wa nakshi ambao watalii hawachoki kuupiga picha. Mfaa wa katikati, uliosheheni maua ya kuchonga, kazi yake ni kuziba ufa baina ya mbao mbili. Ubao mtupu ungetosha. Ila fundi yule hakujua kwamba kazi na uzuri huagizwa kwa ankara mbili.

Najua jibu lenu: ardhi ya mjini ghali, lazima twende juu. Nendeni! Nani kawaomba ghorofa ishirini za matumbawe? Katikati ya jiji bado yamesimama majengo ya miaka ya 1950 na 1960, ya zege tupu, yenye vibaraza virefu, vikinga jua mbele ya madirisha na matofali ya matundu yanayopitisha upepo wa bahari. Sura yake yote inatokana na vile vivuli. Hayo ndiyo tunayoyabomoa ili tupate vioo.

Na wasanifu wasijifiche nyuma ya “mteja ndivyo anavyotaka”. Njia ya jua mlifundishwa chuoni. Kama kazi yenu ni kunakili picha za Dubai, huo muhuri mnaugongea nini?

Nawe mwenye pesa, kabla hujasaini mchoro, muulize msanifu wako: Februari, alasiri, umeme umekatika, mtu wa ghorofa ya sita anakaaje? Akianza kukueleza habari za jenereta, kunja mchoro wake umrudishie.