Mradi Ukiondoka, Nani Anabaki?

Mwaka wa mwisho ukikaribia, swali koridoni huwa ni lile lile: ukimaliza unaenda wapi? Sisi wa sheria tunajibu kama tuliokariri: uwakili, uhakimu, benki, kampuni ya simu. Asiye na uhakika anasema ataenda Shule ya Sheria kwanza, mengine Mungu anajua. Wenzetu wa sosholojia wanajibu neno moja tu, "NGO", na mazungumzo yanaishia hapo. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema anataka kuwa afisa wa sheria na maadili kwenye miradi ya afya. Wengi hawajui kama kazi hiyo ipo.

Ipo. Na hoja yangu ni kwamba tusipoifanya sisi, itafanywa na mtu aliyekaa Geneva au London ambaye hajawahi kushuka kwenye basi pale stendi ya Same, na atakayeumia ni mama yako, si wake.

Kwanza kazi yenyewe. Nilifanya fildi ya miezi miwili kwenye ofisi ya namna hiyo. Ukiondoa chai ya saa nne, siku nzima ni karatasi. Mtafiti anataka kujaribu dawa mpya ya malaria, au kupima damu za wajawazito, au kukusanya taarifa za wagonjwa wa kisukari kwa simu. Kabla hajamgusa mtu, andiko lake linapita kwenye kamati ya maadili ya chuo au taasisi, kisha kwenye kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1979. Kama ni majaribio ya dawa, TMDA nao lazima waridhike. Mtafiti mgeni atafute kibali cha COSTECH. Baada ya hapo barua zinashuka ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji.

Afisa wa sheria na maadili anakaa katikati ya msururu huo. Anasoma mkataba na mfadhili, fomu ya ridhaa, bima ya washiriki, makubaliano ya kusafirisha sampuli nje ya nchi. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, anauliza pia taarifa za wagonjwa zinalala kwenye kompyuta ya nchi gani na nani ana nywila.

Najua unachowaza: kazi ya kugonga mihuri. Hata mimi ningewaza hivyo kama nisingekuwa nimetoka Upare, maana kwetu historia ya jambo hili ni ndefu kuliko hizo sheria zote.

Kuanzia 1955 hadi 1959, tambarare zilizo chini ya milima ya Upare ya Kusini, pamoja na Taveta upande wa Kenya, zilikuwa eneo la majaribio makubwa ya malaria. Yalijulikana kwa Kiingereza kama Pare-Taveta Malaria Scheme, na yaliendeshwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao yake Amani, kwenye milima ya Usambara. Timu zilipita nyumba hadi nyumba zikipuliza ukutani dawa inayoitwa dieldrin, kisha zikarudia baada ya miezi kadhaa, mzunguko hadi mzunguko.

Na ilifanya kazi. Hili lazima lisemwe bila kigugumizi. Aina moja ya mbu waenezao malaria, funestus, karibu itoweke kabisa eneo hilo. Watoto wenye vimelea kwenye damu walipungua sana, na vifo vya watoto vikapungua pia. Kuna watu wazima leo Gonja na Kisiwani ambao huenda wasingezaliwa kama mama zao wangekufa wakiwa wachanga miaka ile.

Halafu 1959 upuliziaji ukasimamishwa. Muda wa majaribio ulikuwa umekwisha.

Hapa ndipo somo la maadili linapoanza. Mtu aliyekulia penye mbu wengi, akaugua tangu utotoni na akapona, hujenga kinga ya kiasi. Haimzuii kuambukizwa, ila inampunguzia hatari ya kufa. Kinga hiyo hudumu kwa kuambukizwa mara kwa mara. Ukikaa miaka mingi bila malaria inapungua, na mtoto aliyezaliwa ndani ya miaka hiyo hapati nafasi ya kuijenga. Kwa hiyo anayekuja kuondoa malaria kwa miaka minne halafu akaondoka hamrudishi mtu pale alipomkuta. Anaweza kumwacha pabaya zaidi.

Msiseme hawakujua. Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala, na mabishano makubwa yalikuwa kuhusu jambo hili hili: je, ni haki kuvuruga kinga ya watu kama huna hakika kwamba utaendelea? Miongoni mwa waliotaka tahadhari alikuwemo Dkt. Donald Bagster Wilson, ambaye ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa taasisi ya Amani. Swali liliulizwa miaka mitano kabla pampu ya kwanza haijafika Upare, na majaribio yenyewe yalikuwa sehemu ya kulitafutia jibu. Ninachouliza mimi ni kama kuna aliyekwenda kuwauliza Wapare swali hilo hilo kwa lugha yao.

Bahati njema malaria haikurudi kwa kishindo. Ilirudi taratibu, mwaka hadi mwaka. Tunalijua hilo kwa sababu watafiti waliendelea kuja katika miaka ya 1960 kupima damu na kuhesabu mbu, kuona ugonjwa unarudije. Soma tena sentensi hiyo. Dawa iliondoka, vipimo vikabaki.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mdogo wakati huo, huko Kihurio. Nilipomuuliza anakumbuka nini, alisema anakumbuka harufu na vyombo kutolewa nje. "Wakaja, wakapuliza, wakaenda zao, mjukuu wangu. Nani angekuambia mambo ya serikali?" Hakulalamika. Anasimulia kama anavyosimulia mwaka wa nzige. Dieldrin, kwa taarifa yako, leo imo kwenye orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001.

Mtu anaweza kusema watu wa zamani walikuwa waoga, hawakuwa na desturi ya kuhoji. Kwa Wapare hoja hiyo haisimami. Mwanzoni mwa 1945 maelfu walishuka kutoka milimani hadi bomani Same kuipinga kodi ya mbiru, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, aliandika historia hiyo. Hawa ni watu waliomhoji mkoloni kuhusu shilingi, miaka kumi tu kabla ya pampu kufika. Wangepewa maelezo ya kinga na tarehe ya mwisho wa mradi, wangehoji.

Utasema sasa tuna kamati, tuna sheria, tuna Azimio la Helsinki la 1964 ambalo linafanyiwa marekebisho kila baada ya muda, mara ya mwisho 2024. Kweli. Azimio hilo linadai hata mipango ya baada ya majaribio ipangwe kabla hayajaanza. Lakini tazama yaliyotokea juzi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa agizo la ghafla, na majaribio ya kitabibu katika nchi kadhaa yakakatika katikati. Afrika Kusini kulikuwa na wanawake waliokuwa wamewekewa pete za majaribio za kuzuia mimba na VVU, wakaitwa zitolewe. Kamati zilikuwepo. Fomu zilisainiwa. Aliyeshika pesa alipoamua kuondoka, aliondoka, kama 1959.

Ndiyo maana nasema shida yetu haiko tena kwenye kuingia kwa mradi. Kwenye kuingia tumejitahidi. Shida iko kwenye kutoka, na hapo ndipo mwanasheria anahitajika kuliko daktari.

Angalia jinsi karatasi zilivyopangwa. Mkataba wa utafiti ni kati ya mfadhili na taasisi. Wanaosaini ni hao wawili. Mama wa Ndungu ambaye mtoto wake anachomwa sindano hayumo. Na kila aliyesoma sheria ya mikataba mwaka wa kwanza anajua kwamba asiyekuwemo kwenye mkataba anapata taabu sana kuudai. Mara nyingine kuna kifungu kinasema mgogoro utaamuliwa kwa sheria za nchi ya mfadhili. Karatasi pekee anayobaki nayo mama huyo ni nakala ya fomu ya ridhaa. Kama ahadi ya baada ya mradi haimo kwenye fomu hiyo, kwake haipo mahali popote.

Sasa soma fomu zenyewe, zilivyotafsiriwa. Nimeona "utapangwa kwenye kundi kwa bahati nasibu". Mwambie mzee wa Makanya bahati nasibu, atakuuliza tiketi shilingi ngapi. Nimeona "damu yako itahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye". Wapi? Na nani? Mpaka lini? Halafu watu wakianza kunong'ona habari za mumiani, tunawacheka. Ukivua hadithi yake ya kutisha, mumiani ni swali la kawaida kabisa la kisheria: damu yangu ikishatoka hapa ni mali ya nani? Fomu ikijibu vizuri, mnong'ono unapungua.

Na matunda je? Korogwe iko barabara hiyo hiyo ya kwenda Dar, ukishapita Hedaru na Mombo. Watoto wa Korogwe na Bagamoyo walikuwa miongoni mwa zaidi ya watoto 15,000 wa nchi saba za Afrika walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Chanjo ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya kawaida 2019, ilitolewa Malawi, Ghana na Kenya. Nchi hizo nazo zilishiriki, sina ugomvi nazo. Ila mzazi wa Korogwe ana haki ya kuuliza aliahidiwa nini kuhusu zamu yake, na jibu lisiwe la mdomo.

Kuna wenzangu tuliobishana nao hili bwenini mpaka saa saba usiku. Wanasema tukiweka masharti magumu, wafadhili watahamia nchi jirani na tutakosa hata hiyo miaka minne ya nafuu. Ni hoja nzito, siidharau, hasa ukikumbuka watoto waliopona Upare. Lakini sidai mfadhili abaki milele. Nadai mambo matatu ambayo hayamfilisi mtu.

La kwanza, tarehe ya mwisho isemwe siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida, na kwa Chasu pale wazee wanapokihitaji, pamoja na kitakachobadilika mwilini mwa mtu huduma ikikoma. La pili, kuwe na anayepokea. Kama ni halmashauri ya wilaya, basi mkurugenzi awe ameandika kabla mradi haujaanza kwamba atapokea kipi na hataweza kupokea kipi. Hata "hatutaweza" ni jibu la heshima, kwa sababu mtu anaamua akiwa anajua. Na fungu la miezi ya makabidhiano litengwe mapema, mahali ambapo agizo la ghafla haliligusi. La tatu, matokeo yarudi kijijini. Yasibaki kwenye jarida la kulipia. Yarudi kwenye mkutano wa kijiji, watu wakae kwenye nyasi waulize maswali.

Kamati zetu za maadili zinaweza kukataa andiko lisilo na mambo hayo matatu. Uwezo huo wanao tayari, hausubiri bunge. Wanachokosa ni watu wa kuyasoma maandiko kwa jicho hilo, na hao ni sisi.

Kwa hiyo, wana-sheria, msiikimbie sheria ya afya kwa sababu tu haina majoho ya kuvutia. Wana-Kiswahili, mnaolalamika kwamba ajira hakuna, fomu za ridhaa zinawasubiri, na mnaona hali yake. Wana-sosholojia, mnajua kuendesha mkutano wa kijiji kuliko mwanasheria yeyote. Na serikali ya wanafunzi, badala ya kongamano la tatu la ujasiriamali muhula huu, tuleteeni mjumbe mmoja wa kamati ya maadili tumhoji. Swali la kwanza ninalo tayari: katika maandiko mliyoyapitisha mwaka jana, ni mangapi yalieleza nani atabaki?