Walimu wa shule za makanisa wanalipwa na serikali. Wanaohudumia wenye ulemavu, je?

Mtoto aliyekatwa mguu anakua, lakini mguu bandia haukui. Mafundi wa viungo bandia wanashauri kwamba mtoto abadilishiwe mguu karibu kila miezi 6. Mtu mzima anaweza kubaki na wake miaka 3 hadi 5. Maana yake, mtoto aliyejeruhiwa na bomu akiwa na miaka 8 atahitaji miguu kama 20 kabla ya kufikisha miaka 18. Kila mguu una safari yake ya kwenda mjini, vipimo vyake, na siku za kujifunza kutembea upya. Sasa tuulize: mradi wa miezi 12 unaolipwa na wafadhili wa mbali utamfikisha kwenye mguu wa ngapi?

Hilo ndilo tatizo la huduma kwa watu wanaoishi na ulemavu mashariki mwa Kongo. Watu wa kuifanya kazi hiyo tunao. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja, vituo ambavyo wakaaji wa Kivu wanavijua vizuri na ambavyo CICR imevisaidia katika kazi ya viungo bandia. Nje ya miji hiyo kuna vyama vidogo vya wenye ulemavu wenyewe, vya wazazi, vya parokia: hapa wanafundisha lugha ya ishara, pale ushonaji, kwingine wanachomelea baiskeli za magurudumu matatu au wanapita nyumba kwa nyumba kuwanyoosha viungo watoto waliozaliwa na shida ya ubongo. Kinachokosekana ni pesa ambazo mtu anajua zinatoka wapi, ni ngapi, na zitaingia lini.

Mwanzo wa mwaka 2025 ulituonyesha hatari yake. Tarehe 20 Januari, rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake ya nje. Mwisho wa mwezi huohuo Goma iliangukia mikononi mwa M23, na Februari ikafuata Bukavu. Mabenki yakafunga milango. Wodi zilipokuwa zinajaa majeruhi wa risasi na mabomu, watu ambao wengine wao watahitaji kiungo bandia maisha yao yote, mlango wa pesa za nje ulikuwa unafungwa. Hatumlaumu mfadhili. Pesa ni zake, na siku akichoka anaondoka. Tunajilaumu sisi tuliojenga nyumba juu ya kiwanja cha mtu mwingine.

Kwa upande wa karatasi, Kongo haina cha kuona haya. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na wenye ulemavu haki ya hatua maalum za ulinzi. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2019 Irène Esambo, wakili ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu, aliingia serikalini kushughulikia jambo hili. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatangazwa sheria ya kiungo namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki za wenye ulemavu. Wanaharakati waliipigania kwa miaka, na walikuwa na sababu ya kushangilia.

Lakini sheria haimnunulii mtu magongo.

Kila tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, tunaona picha zilezile. Mahema, vipaza sauti, viongozi wenye suti, baiskeli kadhaa za magurudumu matatu zikigawiwa mbele ya kamera. Tarehe 4 Desemba tairi linapasuka, na hakuna ofisi yenye bajeti ya tairi. Zawadi haina ubaya wowote. Ubaya ni pale zawadi inapochukua nafasi ya huduma, kwa sababu mwenye kupewa zawadi hawezi kudai. Anasema asante na kungoja mwaka mwingine.

Kifungu cha 19 cha mkataba huo wa Umoja wa Mataifa kinazungumzia kuishi kwa kujitegemea na kuwa ndani ya jamii. Maneno haya wengi wetu tunayaelewa vibaya. Tunadhani ni desturi ya Wazungu, mtu kuishi peke yake kwenye chumba bila ndugu. Sivyo. Kujitegemea ni mtu kuamua mwenyewe aishi wapi na nani, aamke saa ngapi, aende sokoni, kanisani au msikitini bila kungoja huruma ya jirani. Anayehitaji mkono wa mtu mwingine ili aoge au avae bado anaweza kujitegemea, mradi mkono huo upo kila siku na yeye ndiye anayeuelekeza. Mkataba unataja waziwazi msaada wa mtu binafsi, nyumbani na katika jamii, kuwa ni sehemu ya haki hiyo.

Na mkono huo, kwetu, ni wa nani? Tuseme ukweli wa ndani ya nyumba. Mara nyingi ni wa dada. Binti wa miaka 12 au 13 anaachishwa shule ili abaki na kaka asiyeweza kutembea, kwa sababu mama lazima aende shambani au sokoni. Au ni mama mwenyewe anayeacha biashara yake ya unga, na likirimba inamshinda. Hakuna anayeandika gharama hiyo popote. Tunasema “familia inamhudumia”, kana kwamba familia ni kisima kisichokauka. Kumlipa msaidizi wa mtaani masaa machache kwa siku kungemrudisha binti huyo darasani. Mtu akihesabu masomo yaliyopotea na biashara zilizokufa, ataona kwamba kutolipa ndiko kunakogharimu zaidi.

Anayedhani wenye ulemavu wanataka tu kulishwa, aende Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi. Kwa miaka mingi wenye ulemavu wamepitisha pale mizigo mizito juu ya baiskeli zao kubwa za magurudumu matatu, na kwa jasho hilo wamejenga na kusomesha. Baiskeli ile ni mtaji, kama tshukudu kwa kijana wa Masisi.

Sasa tuje kwenye pendekezo letu. Serikali ya Kongo inajua tangu zamani jinsi ya kugharamia huduma inayoendeshwa na wengine. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia saini mapatano na makanisa kuhusu usimamizi wa shule. Hadi leo, padri, mchungaji au kiongozi wa Kiislamu anasimamia shule, lakini mwalimu anahesabiwa kuwa mtu wa leta na mshahara wake uko kwenye bajeti ya taifa. Hakuna anayeona ajabu. Kwa nini basi kine anayenyoosha miguu ya watoto katika kituo cha parokia, fundi wa viungo bandia, mkalimani wa lugha ya ishara na msaidizi wa nyumbani wasiwe na mapatano ya aina hiyo? Kituo kibaki mikononi mwa wanaokiendesha. Serikali ilipe watu na vifaa, kwa mkataba wa miaka mitatu au minne, si barua ya kila robo mwaka.

Tunajua upande mchungu wa mfano huu. Walimu wa shule hizohizo wamefundisha miaka mingi bila kumekanizwa, na mpaka elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2019 ni wazazi waliobeba mzigo wa prime. Yeyote atakayeandika mapatano mapya aanze na somo hilo: jina lisipoingia kwenye orodha ya mishahara pamoja na pesa zake, mapatano ni wimbo.

Pesa zitoke wapi? Jibu la haraka la Kinshasa ni kwamba hazina haina kitu. Lakini serikali inapotaka jambo, inalipa jambo hilo chemchemi yake. Sheria ya Desemba 2022 iliyoanzisha FONAREV, mfuko wa malipo kwa wahanga wa ubakaji wa kivita na uhalifu mwingine mkubwa, ilikuja na sehemu yake ya ushuru wa madini: asilimia 11. Kanuni ya madini ya 2018 nayo inagawa ushuru huo hivi: 50 kwa 100 serikali kuu, 25 jimbo, 15 maeneo yaliyogatuliwa yenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Dhahabu ya Kibali katika Haut-Uele na bati ya Bisie katika Walikale zinahesabiwa humo. Hatuombi asilimia 11. Sehemu ndogo tu, iliyoandikwa kwenye sheria, ingetosha kuanzia.

Lakini madini hayako kila mahali, na kipofu hana kosa kwa kuzaliwa mbali na mgodi. Hapo Katiba inaingia. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo na ikatwe pale pale yanapopatikana. Na sheria ya mwaka 2008 inayapa maeneo yaliyogatuliwa asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Asilimia hizo hazifiki kamili, hilo halihitaji mchunguzi. Hata hivyo kile kidogo kinachofika kigawiwe kwa haki, na haki siyo kila kituo kupata bahasha sawa. Kituo cha mjini chenye barabara na umeme hakina gharama moja na chama kinachotembea siku mbili kwa miguu kwenda kumtembelea mtoto Shabunda. Tena, ulemavu unaoonekana usimeze usioonekana. Mwenye kiti cha magurudumu hupigwa picha. Kiziwi, au mwenye ugonjwa wa akili aliyefungwa nyuma ya nyumba, hakuna anayemwona siku ya kugawa.

Watatuambia tungoje takwimu. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilikuwa mwaka 1984, kwa hiyo anayengoja sensa amekwisha kukataa. Shirika la afya duniani, OMS, lilikadiria mwaka 2022 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana ulemavu mkubwa. Hesabu hiyo inatosha kupanga bajeti ya kwanza. Na mkuu wa avenyu, au wa nyumba kumi, akiulizwa leo jioni, atakutajia kila lupango lenye mtu asiyetoka nje.

Watatuambia pia kwamba pesa zitaliwa. Kweli, zinaweza kuliwa, nyingine zimeliwa. Dawa yake ni wenye ulemavu wenyewe kukaa kwenye kamati inayotia saini malipo, na hesabu kubandikwa kwenye ukuta wa kituo: zimeingia ngapi, wamehudumiwa wangapi. Chama cha wazazi kinajua vizuri kama kine alikuja Jumanne au hakuja.

Kuhusu vita, hatutajifanya hatuoni. Goma na Bukavu kazi ni ngumu, na ndiyo maana malipo kwa simu, ambayo wakaaji wanayatumia kila siku, yangepaswa kutumika kuwafikia watumishi huko bila kupitia mtawala yeyote. Lakini Bunia, Beni, Butembo, Kindu na Kalemie hakuna kisingizio hicho. Katika Ituri na Kivu ya Kaskazini liko jambo lingine ambalo halitajwi sana: tangu Mei 2021, ulipotangazwa utawala wa kijeshi, mabaraza ya majimbo yalisimamishwa. Mahali ambapo mbunge wa jimbo angesimama na kumuuliza gavana “ulemavu umepewa ngapi mwaka huu?”, hakuna wa kuuliza. Swali hilo limebaki kwa wabunge wa taifa.

Kikao cha bajeti kinafunguliwa kila mwaka tarehe 15 Septemba na kufungwa 15 Desemba. Kwa hiyo tarehe 3 Desemba inaangukia ndani yake, siku chache kabla ya kura. Mwaka huu waheshimiwa wetu waje kwenye sherehe bila baiskeli za kugawa, ila na ukurasa wa bajeti wenye mstari huo, kiasi chake, na majina ya vituo vya mashariki vitakavyolipwa kuanzia Januari.