Mtoto ni mfanyakazi wa shirika la ndege, mbona hakufika msibani?

Mzee mmoja wa Ipinda alitupigia simu katika kipindi cha asubuhi akiwa na jambo linalomkera. Binti yake ni mhudumu wa ndege, anaishi Dar es Salaam. Bibi yao alipofariki siku ya Jumatano, binti alisema kwenye simu: "Baba, nakuja na ndege ya kesho." Wazee wakakubaliana kusogeza mazishi kutoka Ijumaa hadi Jumamosi ili wamsubiri.

Alhamisi hakufika. Ijumaa hakufika. Jumamosi saa nane mchana bibi akazikwa. Binti alishuka stendi ya Kyela usiku wa siku hiyohiyo, kwa basi. Ukoo ukasema amejisahau, mjini kumemlevya. "Anapanda ndege bure," mzee alituambia, "sasa alishindwa nini?"

Tumeona swali hili si la mzee mmoja. Vijana wa Kyela, Rungwe na Busokelo walioajiriwa katika mashirika ya ndege wanaongezeka. Mwaka 2016 Air Tanzania ilikuwa imebaki na ndege moja tu inayoruka. Leo ina zaidi ya kumi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kinafundisha wahudumu na mafundi wa ndege hapahapa nchini. Wapo pia walioajiriwa na mashirika ya Dubai na Doha. Mwezi wa 12 unakaribia, kila nyumba inahesabu nani anakuja. Kwa hiyo tuelezane tiketi ya mfanyakazi wa ndege ni kitu gani, ili tusiwalaumu watoto kwa kosa ambalo si lao.

Mfano wa Kosta

Wengi wetu tumeona hili kwenye Kosta za Kyela kwenda Mbeya. Dereva wa gari lingine akisimama barabarani pale Ushirika, mwenzake anampakia bila nauli. Ni mtu wa magari. Lakini akiingia abiria mwenye nauli na siti zimeisha, mtu wa magari hasubiri kuambiwa. Anainuka, anasimama mlangoni na konda, au anabanwa pale kwenye boneti.

Tiketi ya mfanyakazi wa ndege inafuata desturi hiyohiyo, isipokuwa jambo moja: kwenye ndege hakuna kusimama mlangoni. Siti zikiisha, mtu wa ndege anabaki chini.

Katika mashirika mengi duniani, mfanyakazi hulipa kama sehemu moja ya kumi ya nauli. Tuseme nauli ni shilingi 300,000, yeye atalipa 30,000 na kuongeza kodi na ada za uwanja. Wengine hulipa kodi na ada peke yake. Kwa hiyo neno "bure" si sahihi sana. Na kwa fedha hiyo hanunui kiti. Ananunua ruhusa ya kukaa kwenye kiti ambacho mwenye nauli kamili hakukitaka. Jina lake linaingizwa katika orodha ya wanaosubiri nafasi, naye anakwenda uwanjani na begi lake bila kujua kama atapanda.

Kinachotokea kaunta

Abiria wenye tiketi kamili wanapokelewa kwanza. Muda wa kaunta kufungwa ukifika, ndipo wahudumu wanahesabu: siti ngapi zimebaki, nani amelipa lakini hakutokea. Hapo ndipo wanaosubiri wanaanza kuitwa, kwa utaratibu. Mara nyingi hutangulia wafanyakazi wa shirika lenyewe walioko likizo, na kati yao aliyeajiriwa miaka mingi anamtangulia aliyeajiriwa jana. Halafu hufuata familia zao zinaposafiri peke yake. Mwisho ni wafanyakazi wa mashirika mengine. Binti mwenye mwaka mmoja kazini anaweza kuwa wa kwanza kufika uwanjani na akawa wa mwisho kuitwa.

Sasa tuangalie ndege zenyewe. Bombardier Q400 za Air Tanzania zinachukua abiria 76. Airbus A220 zinachukua 132. Ukilinganisha na miji mikubwa ambako ndege zinapishana kutwa nzima, safari za kuja Uwanja wa Ndege wa Songwe ni chache kwa siku. Ukikosa ya asubuhi, pengine unasubiri ya jioni. Ukikosa ya jioni, unasubiri kesho. Binti wa Ipinda siku ya Alhamisi alikosa kwa sababu hiyo tu: ndege ilijaa.

Upungufu wa ndege nao unaumiza. Mwishoni mwa mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya A220 zake kwa tatizo la injini, tatizo lililokumba mashirika mengine duniani yenye ndege za aina hiyo. Ndege zikipungua, ratiba inabanwa, na abiria walewale wanagombea siti chache. Katika hali hiyo wa kwanza kukosa ni yule wa orodha ya kusubiri.

Ukungu wa Songwe

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa kando ya ziwa ni vigumu kulielewa. Kyela jua linachoma toka asubuhi, lakini kule juu, upande wa Mbalizi, ukungu umefunika uwanja mzima. Uwanja wa Songwe ulianza kazi Desemba 2012, ukachukua nafasi ya ule wa zamani wa Mbeya mjini. Kwa miaka mingi ulikosa taa za kuongozea ndege, na ukungu ukishuka, rubani aliyefika juu ya uwanja alilazimika kugeuza.

Ndege ikigeuza au safari ikifutwa, abiria wenye tiketi kamili wanahamishiwa safari inayofuata. Maana yake ile ndege ya mchana iliyokuwa na siti kumi wazi sasa imejaa watu wa asubuhi. Anayesubiri nafasi amekosa mara mbili kwa ukungu mmoja. Hivi ndivyo ilivyomkuta binti wa Ipinda siku ya Ijumaa. Wenye nauli walipangiwa safari nyingine, yeye akaambiwa ajaribu tena kesho. Jioni hiyo aliacha kujaribu, akakata tiketi ya basi la alfajiri.

Pia upo uzito. Mtu anaweza kuona siti iko wazi na bado akaachwa. Uwanja wa Songwe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na ndege inahitaji nguvu na kasi zaidi ili kuruka. Hali ya hewa ikiwa mbaya, rubani anabeba mafuta ya ziada ili aweze kugeuza na kwenda uwanja mwingine. Mafuta hayo yana kilo zake. Ili ndege isizidi uzito, kilo zinapunguzwa kwingine, na anayepunguzwa kwanza ni asiye na kiti cha uhakika.

Wasiobaki chini

Hapa watu huchanganya. Wapo wafanyakazi ambao ni lazima wapande: rubani au mhudumu anayepelekwa mji mwingine kwenda kuendesha safari. Huyo yuko kazini, hasubiri nafasi. Aprili 2017, mjini Chicago, Marekani, abiria aliyelipa nauli alikokotwa kutoka kwenye ndege iliyokuwa inakwenda Louisville ili wapatikane viti vya wafanyakazi wanne waliotakiwa kazini huko. Dunia nzima ilipiga kelele. Lakini mfanyakazi aliye likizo, hata akiwa anakwenda kumzika mama yake, hana uwezo wa kumwinua mtu yeyote. Yapo mashirika yanayomsogeza mbele kwenye orodha aliyefiwa na mzazi au mtoto, lakini kusogezwa mbele hakuongezi siti.

Anayesafiri kwa tiketi hiyo anabanwa na mengine pia. Analiwakilisha shirika, hata kama ni ndugu tu wa mfanyakazi. Machi 2017 wasichana wawili walizuiwa kupanda ndege ya United Airlines huko Denver kwa sababu walivaa suruali za kubana, wakati walikuwa wakisafiri kwa nafasi ya familia ya mfanyakazi. Abiria wa kawaida waliovaa vilevile wasingeulizwa. Na ukikosa nafasi, usitegemee chakula wala hoteli ya shirika. Utalala kwa gharama yako.

Kwa walioko Dubai na Doha mzigo ni mkubwa zaidi. Ndege ya mwajiri wao inawafikisha Dar es Salaam. Kutoka hapo kuja Songwe ni shirika jingine, na punguzo linategemea kama mashirika hayo mawili yana makubaliano. Kurudi nako ni mtihani. Aliyekosa ndege ya kuja amekosa sherehe. Aliyekosa ndege ya kurudi anaweza kukosa kazi. Ndiyo maana kijana anaaga mapema huku ng'ombe bado hajachinjwa, na wazee wanaona anaringa.

Faida zipo

Tusije tukasema nafasi hii haina maana. Kwa mtu asiye na haraka ni baraka kubwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kyela kwa barabara ni zaidi ya kilomita 900, siku nzima kwenye basi. Ndege inafika Songwe kwa saa moja na nusu hivi, ndipo unashuka kwa gari kupitia Uyole na Tukuyu. Mzazi mwenye miguu inayovimba, anayekwenda kliniki Muhimbili na anaweza kuondoka Jumanne au Jumatano bila tatizo, anaweza kusafiri kwa fedha kidogo kuliko nauli ya basi. Miezi ambayo watu hawasafiri sana, siti zinabaki.

Lakini ujue nani anahesabiwa kuwa familia. Kwa kawaida shirika linawatambua mume au mke, watoto na wazazi waliomzaa mfanyakazi. Kwetu baba mdogo ni baba, na mtoto wa mama mkubwa ni ndugu wa tumbo moja. Karatasi za shirika hazisomi hivyo, zinataka cheti cha kuzaliwa. Mjomba akinyimwa, asidhani amebaguliwa.

Na jambo la tahadhari: nafasi hizi haziuzwi. Mfanyakazi akibainika anaziuza, anaweza kufukuzwa kazi. Kwa hiyo mtu usiyemjua akikupigia simu akisema ana "tiketi za wafanyakazi" kwa bei ya chini, tuma fedha kwa namba hii, mkatalie. Hata kama angekuwa mfanyakazi wa kweli, asingekuwa na kiti cha kukuuzia.

Tufanye nini

Maoni yetu ni kwamba kosa la msiba ule wa Ipinda halikuwa la binti peke yake wala la wazee peke yao. Binti alisema "nakuja na ndege ya kesho", wakati ukweli ulikuwa "nitajaribu ndege ya kesho". Wazee walisikia tiketi wakadhani kiti. Ukoo ukalisha waombolezaji siku moja zaidi, na bado mjukuu hakuona kaburi likifukiwa.

Kwa msiba, mgonjwa mahututi au harusi yenye tarehe, shauri letu ni kukata tiketi kamili ya ndege kama fedha ipo, au basi. Siti ya basi ina namba na jina lako. Kama ukoo unamhitaji mtoto huyo kweli, mchango wa nauli unaweza kuanzia hapo hapo msibani, kama tunavyochangia sanduku na mchele. Akichagua kusubiri nafasi, aanze na safari ya kwanza ya siku, awe tayari na nauli ya basi mfukoni, na ajiwekee mpaka: nikikosa mara mbili, naingia barabarani. Kwa mwezi wa 12, asipange kufika tarehe 24. Aje wiki moja kabla, au aje Januari watu wakisharudi mjini.

Mzee wa Ipinda alitusikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Sasa Krismasi anakuja na nini?" Tulimjibu kwamba hilo hatuwezi kumjibia, ampigie binti mwenyewe amuulize swali moja, na nyumba yoyote yenye mtoto wa ndege iulize hivyohivyo kabla ya kupanga siku: "Mwanangu, una kiti, au unasubiri kiti?"