Tumtafute Babu Nje ya Sensa

Sensa ya mwaka 1948 ndiyo ya kwanza iliyowahesabu Waafrika wa Kenya nchi nzima. Zile za 1911 na 1921 ziliwashughulikia wasiokuwa Waafrika. Wenyeji walikisiwa tu. Kwa hivyo, mjukuu wa Pumwani au Shauri Moyo anayemtafuta babu aliyefika Nairobi kabla ya hapo hatampata humo. Hata sensa zilizofuata zilichapisha jumla za watu, si majina yao.

Je, atafutwe wapi? Wakoloni walimvisha kipande chenye jina na alama za vidole, lakini nia yao ilikuwa kumdhibiti kibarua, wala si kuwatunzia wajukuu kumbukumbu.

Lugha ndiyo iliyotunza. Jina la mtaa wa Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walifariki, na wengi hawana kaburi linalojulikana.

Ninashikilia, basi, kwamba kazi hii ni ya wanafunzi wa fasihi simulizi. Wazee wanaokumbuka nani alipanga chumba kipi, na alitoka kijiji gani, wanapungua kila mwaka. Napendekeza kila tasnifu ya fasihi simulizi inayohusu Eastlands iambatishe orodha ya wahenga waliotajwa na wasimulizi, kwa idhini ya jamaa zao, na nakala ihifadhiwe idarani. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili isiyoandikwa itafuatwaje?