Kaseti za Ngoma Si Takataka

Wapo watumishi wa umma, na baadhi yao wamekabidhiwa dhamana ya utamaduni, ambao wakionyeshwa kaseti ya ngoma iliyonaswa kijijini kwa redio ya betri hukunja uso. Husema sauti ina mikwaruzo, mbwa wanabweka, watoto wanapiga makelele, na aliyerekodi hakuwa fundi. Hukumu hiyo ni kasumba tupu. Kwa anayetaka kujua ngoma ni nini, makelele hayo ndiyo ushahidi.

Na itazamwe Usukumani. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, kila manju na watu wake, na mshindi ni yule aliyeuvuta umati upande wake. Ngoma hiyo ikiingizwa studio, umati hubaki nje. Kinachorekodiwa ni mashindano yasiyo na mwamuzi. Lakini kijana aliyesimama katikati ya vumbi, redio begani, amenasa vifijo vikihama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na kejeli ambazo manju asingethubutu kuzitoa mbele ya mgeni.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake. Kazi yake ni ya heshima, wala haifai kubezwa. Hata hivyo, santuri za siku zile zilibeba dakika tatu hivi kila upande, na mkusanyo wake umehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini. Redio Tanzania nayo ilirekodi mengi kwa miongo kadhaa, ila haikuweza kufika kila kitongoji kila msimu. Waliokuwapo ni walimu, makarani na wakulima waliouza pamba wakanunua redio.

Leo kaseti hizo zimo katika makasha ya wastaafu. Utepe unashika ukungu, unga wa sumaku unabanduka, na pengine mjukuu amekwisha kurekodi muziki wa dansi juu yake. Wakati huo huo afisa mhusika anasubiri fungu la kujenga studio! Kunakili kaseti kunahitaji redio nzima, waya na kompyuta ambayo tayari ipo mezani pake. Kazi ngumu ni nyingine: kuandika jina la manju, kijiji, mwaka na sababu ya ngoma kuchezwa, kabla wazee wanaozitambua sauti hizo hawajaondoka. Hapo mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na wanafunzi wake, anamzidi mtaalamu yeyote kutoka mjini.

Wenye nyimbo nao wasisahauliwe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda sanaa za jadi; nakala ya kwanza irudi kijijini, na ruhusa iombwe kabla ya wimbo kutangazwa.

Afisa anayesubiri studio na aulizwe leo: katika tarafa zake kuna kaseti ngapi, na ziko kwa nani?